NDOVU, NYUKI NA MWANANCHI

Wahenga walinena kuwa aisifuye mvua imemnyea. Ajabu ni kwamba ndovu husifiwa zaidi na watu ambao hajawahi kuwakanyagia hata bua moja la mahindi. Ndugu msomaji, hoja yangu ni hii: hatuwezi kumlinda ndovu huku tukimsahau jirani yake.

Sipingi uhifadhi, la hasha! Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, lakini majangili hawakukoma. Ndovu waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka wa 1973 walibaki 16,000 hivi kufikia 1989. Mwaka huo Rais Moi alizitia moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, na baadaye mataifa yakakubaliana kuipiga marufuku biashara ya pembe ulimwenguni. Sensa ya 2021 ilihesabu ndovu 36,280. Hayo ni mafanikio na tuna haki ya kujivunia.

Lakini hebu tuulizane, ndovu hao watakaa wapi? Tsavo ni pana, naam, ila ndovu hajui mpaka. Hufuata maji na malisho kwa njia walizopita babu zake. Leo katika njia hizo mna mashamba, barabara, reli na nyumba za watu. Kundi likiingia shambani usiku mmoja tu, jasho la msimu mzima limekwisha. Chakula kimekwenda na karo imekwenda. Sisi wanafunzi wa kutwa twajua maana ya kutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza. Mwenzetu wa karibu na Voi akitoka saa hizo, hutembea roho mkononi.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama walipwe shilingi milioni 5, na aliyeharibiwa mazao pia afidiwe. Maneno matamu kwenye karatasi! Kilio cha wananchi ni kuwa fidia huchelewa, wengine wakingoja miaka na mikaka. Ndiposa utasikia mkulima akimwita ndovu "mifugo ya serikali". Si wake, basi amtunze wa nini? Kisha tunashangaa eti ametega sumu!

Iko njia bora. Huko Sagalla, karibu na Voi, wakulima wakishirikiana na shirika la Save the Elephants wamejenga nyua za nyuki. Ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, humwogopa nyuki kwa sababu huweza kumuuma machoni na ndani ya mkonga. Mizinga hutundikwa kulizunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka kwa hasira. Ndovu wengi hugeuka wakaenda zao. Hakuna risasi wala maiti. Mkulima huvuna mahindi, huuza asali, na nyuki huchavusha maua ya mimea yake.

Darasani tunakariri tu kwamba bayoanuwai ni wingi wa viumbe mbalimbali wanaotegemeana. Sagalla unaiona kwa macho: mdudu mdogo anamkinga binadamu na ndovu, na kumkinga ndovu na binadamu.

Nyua hizi si dawa ya kila kitu. Ukame ukizidi, nyuki huhama mizinga. Kwa hivyo fidia bado ni lazima, na maoni yangu ni kuwa ilipwe kabla ya msimu mwingine wa kupanda. Mtu atasema pesa hazitoshi. Mbona watalii hulipa mlangoni kila siku? Sehemu ya fedha hizo na inunue mizinga kwa wale wanaokesha wakipiga madebe ili ndovu waondoke.

Wanafunzi wenzangu, na sisi tuna la kufanya. Safari zetu za mbugani huishia kupiga picha na kuimba ndani ya basi. Ninawaomba walimu wetu wapendwa kwamba tukienda tena, tusimame pia kwa mkulima anayepakana na mbuga, tumsikilize. Huyo ndiye askari wa kwanza wa wanyama wetu, na hana mshahara. Tukimpoteza yeye, hata ua la stima halitamwokoa ndovu.