Uliza kibali kabla ya kulipa karo

Bintiyo amepata C katika KCSE na anatamani stashahada ya uuguzi. Vyema. Lakini kabla hujauza ng'ombe pale Voi au Mwatate, uliza: je, chuo kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya? Kisipoidhinishwa, atasoma miaka mitatu, kisha akataliwe kufanya mtihani wa leseni. Bila leseni, hata Hospitali ya Moi hapo Voi haitamwajiri. Tazama pia Baiolojia, na Kiingereza au Kiswahili: zote zataka C. KMTC ina tawi Voi. Anayetaka hongo "akushikie nafasi", mfungie mlango. Na mwanao wa kiume akiutaka uuguzi? Aombe vilevile!