AFYA YA JAMAA: Ini linajua kujijenga, lakini lina mpaka

Ninyi vijana wa Kyavinyonge na wa machimboni, wako wanaosema: "Tunywe tu lotoko, itupe joto usiku. Ini linaota tena." Je, ni kweli? Nusu ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inadanganya watu.

Ini linapokea damu kwa njia mbili. Karibu robo inatoka moyoni. Karibu robo tatu inatoka matumboni kwa mshipa mkubwa, ikibeba nguvu ya chakula tulichokula.

Mwaka 1920, huko Marekani, munganga Peyton Rous na mwenzake walifunga tawi moja la mshipa huo kwa sungura. Upande uliokosa damu hiyo ulisinyaa. Upande wa pili, uliopokea damu yote, ukakua na kushika kazi ya mwenzake.

Basi si sawa na mgomba. Ukikata mgomba, chipukizi linatoka shinani. Lakini ini halioti pale lilipokatwa. Sehemu iliyobaki ndiyo inaongezeka. Tangu miaka ya 1980, waganga wa Japani wanatumia jambo hilo: mbele ya kukata upande wenye kansa, wanaziba mshipa wake na kungojea majuma machache, upande mzima ukue kwanza.

Sasa sikia vizuri. Ini linaweza hivyo kama sehemu iliyobaki ni nzima. Lotoko ya kila siku, ao hepatiti B ya miaka mingi, haichagui upande. Inapiga ini lote. Makovu yanajaa, ini linakuwa gumu, damu inakosa njia. Inarudi nyuma, mishipa ya koo la chakula inavimba, na siku moja inaweza kupasuka: mtu anatapika damu. Hapo hakuna tena upande mzima wa kusaidia mwenzake.

Kijana, acha lotoko leo, ini lingali na nguvu. Mwanzoni linajaa mafuta tu, na hayo yanaweza kutoka ukiacha kunywa. Mama, peleka mtoto kwa chanjo za juma la 6, la 10 na la 14. Ndani yake mna kinga ya hepatiti B. Macho yakiwa manjano, ao tumbo likijaa maji, msikae nyumbani mkingojea: mwende hospitali.

Mungu ametupa ini lenye uvumilivu. Tusilijaribu.