Picha za Anga za Kalehe na Majina ya Vijiji Vyake

Katika Jumba la Makumbusho ya Afrika ya Kati lililoko Tervuren, karibu na Brussels, zimehifadhiwa picha zaidi ya laki tatu zilizopigwa na ndege juu ya ardhi ya Kongo, Rwanda na Burundi, aghalabu tangu miaka ya 1940 hadi miaka ya 1980. Na miongoni mwa hizo imo Kalehe, teritwari yetu ya Kongo, pamoja na milima yake, mashamba yake, vijito vinavyoteremka kuingia Ziwa Kivu, na makazi ambayo wazee wetu waliyahama kabla hatujazaliwa wengi wetu tunaoandika magazetini. Kazi ya kuzinakili picha hizo kwa kompyuta imekwisha kuanza huko, nayo ni kazi ya kushukuriwa. Lakini picha kuhifadhiwa ni jambo moja, na mwenye nchi kuweza kuiomba picha ya nchi yake ni jambo jingine, na baina ya mawili hayo pana pengo ambalo, kwa maoni yangu, halizibiki ila kwa daftari la kawaida kabisa: faharasa inayotaja, kwa kila usultani, kila grupoma na kila kijiji, ni picha zipi na ni vipande vipi vya ramani vinavyoonyesha ardhi yake.

Atakayebahatika kuishika mkononi mojawapo ya picha zile za zamani ataona karatasi ya mraba, nyeusi na nyeupe, na ukingoni mwake, pale ambapo jicho haliendi upesi, saa ndogo inayoonyesha dakika ile picha ilipopigwa, chombo cha kupimia urefu wa ndege kutoka usawa wa bahari, kipovu cha maji cha kuonyesha kama kamera ilikuwa imelala sawasawa, na nambari. Nambari hiyo ndiyo jina lake. Rubani aliruka kwa mstari ulionyooka, akageuka, akarudi kwa mstari mwingine sambamba na ule wa kwanza, na kila picha ikafunika sehemu kubwa, kama asilimia 60, ya ile iliyoitangulia, ili mtu akizitazama mbili pamoja kwa miwani maalumu aione milima ikiinuka mbele ya macho yake. Basi mpango wa picha ni mpango wa safari ya ndege, wala hauna habari ya Mwami wa usultani wa Buhavu, wala ya yule wa Buloho, wala ya chifu wa grupoma ya Mbinga ya Kusini.

Picha za siku hizi, zitokazo kwenye setilaiti na kwenye ndege zisizo na rubani, nazo hukatwa vipande vya mraba, kila kipande kikagawanywa vinne, na kila kimoja cha hivyo vinne kikagawanywa tena vinne, hata ikafikiwa daraja ya kumi na tano, ambapo upande wa kipande kimoja, hapa kwetu karibu na mstari wa ikweta, ni kilomita 1.2 na kitu kidogo. Kila kipande kina nambari tatu za kukitambulisha: daraja, safu na mstari. Kompyuta inaridhika nazo. Mzee wa Ihusi anayetaka kujua kijito cha nyuma ya nyumba yake kilipita wapi zama za babu yake hatauliza kwa tarakimu, wala kwa latitudo na longitudo. Atauliza kwa jina la kilima, la kijiji na la chifu, kwa kuwa ndivyo ardhi inavyoitwa, inavyorithiwa na inavyogombaniwa.

Sisemi haya kwa kupenda mambo ya maktaba. Alhamisi ya tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe, mito ikafurika, ikateremsha mawe, magogo na matope, ikavisomba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, tena Nyamukubi ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa. Waliokutwa wamekufa walizidi mia nne, maelfu hawakuonekana tena, na Jumatatu iliyofuata taifa zima likaingia katika siku ya maombolezo. Vijiji hivyo vimesimama juu ya kokoto na udongo ambao mito hiyohiyo iliuleta kwa dahari nyingi na kuutandaza kandokando ya ziwa: ndiyo sababu pakawa tambarare mahali ambapo pande zote ni mlima, ndiyo sababu rutuba ikawa nyingi, na ndiyo sababu watu wakapapenda wakajenga. Habari hiyo husomeka vyema kutoka juu kuliko kutoka chini. Katika picha ya ndege mtu huuona mkono wa mto ukifunguka kama upepeo unapofika ziwani, na akiziweka picha mbili za nyakati mbalimbali pamoja, huona nyumba zilivyosogea mwaka hata mwaka zikikaribia njia ya mawe, na msitu ulivyorudi nyuma juu ya vilele. Faharasa isingeliizuia mvua, na hakuna mwenye akili atakayedai hivyo. Lakini ingeliwezekana wazee wa Bushushu waonyeshwe ardhi yao wenyewe kwa macho yao wenyewe, badala ya kuambiwa tu na wageni kwamba mahali pale hapafai.

Na wala si kwamba elimu hiyo haijatumika. Wataalamu wa Ubelgiji pamoja na wenzao wa Bukavu wamekwisha kuzilinganisha picha za mwishoni mwa miaka ya 1950 na hali ya siku hizi, wakaonyesha jinsi kukatwa kwa misitu na kuongezeka kwa watu kulivyozidisha hatari ya maporomoko katika bonde la Kivu. Na juu ya mteremko wa Funu, ndani ya mji wa Bukavu, wameonyesha kwamba ujenzi wa mji wenyewe umeuongezea mteremko ule mwendo wa kuteremka. Basi aliyefaidika na hazina hiyo hadi leo ni mtafiti mwenye safari, mwenye ruhusa na mwenye kujua nambari. Simlaumu, ninalolidai ni kwamba mkazi wa Funu na wa Nyamukubi naye awe na njia ya kuifikia.

Sasa, kuitengeneza faharasa yenyewe kunaonekana ni jambo jepesi, na hapo ndipo penye mtego. Njia ya uvivu ni kuizungushia nchi sanduku la pembe nne na kuandika kwamba kila kipande kilichomo sandukuni ni cha nchi hiyo. Fanya hivyo kwa Kalehe, uone: teritwari inayolifuata ziwa kutoka Kabare hadi Minova itakusanyiwa eneo kubwa la maji matupu, na juu ya hayo itapewa sehemu ya kisiwa cha Idjwi, ambacho ni teritwari nyingine yenye mambo yake. Njia ya pili ni kutazama kitovu cha kila kipande kimeangukia wapi na kukiandika huko peke yake. Njia hiyo ni nadhifu mezani na ni dhulma mipakani, kwa maana kipande ambacho kitovu chake kimeangukia teritwari jirani ya Masisi kitaandikwa Masisi, hata ikiwa robo yake ni nyumba za Minova, na mtu wa Minova akiomba picha zake ataletewa mji uliokatwa ukingo bila ya kuambiwa kwamba umekatwa.

Njia iliyo sawa ni kuuchukua mpaka wenyewe, pamoja na mapindo yake yote, na kukiandika kila kipande chini ya kila jina ambalo mpaka wake unakigusa, hata yakiwa majina matatu au manne. Karatasi zitaongezeka kidogo, na ziongezeke. Tena ningeongeza sharti moja ambalo wataalamu wa maji watalikubali kwa urahisi zaidi kuliko watu wa utawala: kila kijiji kilicho kando ya ziwa kiandikiwe vilevile vipande vya juu yake, kuanzia mdomo wa mto hadi kilele unakoanzia, ijapokuwa kilele hicho ni cha grupoma nyingine. Maji yaliyoiua Nyamukubi hayakuanzia Nyamukubi.

Litaulizwa, na ni haki liulizwe: mipaka ipi? Katiba ya mwaka 2006 inautambua mji, komuni, sekta na usultani kuwa ni tawala zenye madaraka yake, ilhali grupoma na kijiji, ambamo ndimo watu wanamoishi na kuhukumiana, haziko katika hesabu hiyo. Kivu yenyewe, iliyokuwa jimbo moja, iligawanywa mwaka 1988 ikatoka Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, kwa hiyo anayetafuta katika madaftari ya kale atalikuta jina la jimbo ambalo halipo tena, na makao yake makuu, yaani Bukavu, akayakuta yameandikwa Costermansville. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliyoanzishwa mwaka 1970 ilipanuliwa mwaka 1975 kwa takriban mara kumi, na hadi leo yapo maneno makali baina ya walinzi wake na wanakijiji juu ya mahali mpaka unapopita. Katika hali kama hiyo, atakayeandika kwamba kipande fulani ni cha fulani atafikiriwa kuwa ametoa hukumu.

Jawabu langu ni kwamba faharasa si hukumu, nayo ilazimishwe kusema hivyo katika ukurasa wake wa kwanza. Kila mpaka uliotumika utajwe umetoka katika hati gani na ya mwaka gani. Mahali penye ugomvi paandikwe majina ya pande zote mbili. Na jina la kale lisifutwe kwa kuwa limekuja jipya, bali yawekwe yote pamoja na tarehe zake. Kipande kikionekana chini ya majina mawili, hakuna aliyenyang'anywa kitu. Madhara huja pale kinapoandikwa chini ya jina moja kimyakimya, na yule wa jina la pili akaja kugundua baada ya miaka kumi mbele ya hakimu.

Wala tusiambiwe kwamba mambo haya ni ya nchi za matajiri. Dar es Salaam, mradi uitwao Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 kwa ajili ya mafuriko ya bonde la Msimbazi na mitaa mingineyo, ulichukua picha za ndege zisizo na rubani, ukazichapa katika karatasi, ukawakalisha wajumbe wa mashina na viongozi wa mitaa wakaonyesha kwa vidole mipaka ambayo ofisi haikuwa nayo kwenye ramani yoyote. Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, walirusha ndege hizo juu ya Unguja na Pemba kwa mikono ya vijana wa chuo kikuu chao, na picha wakaziweka wazi kwa kila atakaye. Jambo la kuiga hapo ni wale wajumbe kuliko mitambo. Kompyuta itavikata vipande kwa dakika chache. Jina la kilima analijua aliyelima pale.

Liko pingamizi zito zaidi. Januari 2025 vita vilifika Minova, na Februari vikaingia Bukavu, na wapo watakaosema kwamba katika nchi ya namna hiyo, yenye dhahabu, koltani na bati ya Nyabibwe na Numbi, kuziweka picha za ardhi wazi kwa majina ya vijiji ni kumpa adui na mchimbaji ramani ya bure. Ningekubaliana nao lau adui na mchimbaji wangekuwa wanangoja faharasa. Hawangoji: mwenye fedha hununua picha mpya ya setilaiti, iliyo safi kuliko zote zilizoko Tervuren, akajua mlima upi umechimbwa jana. Anayekosa ni mjane aliyekimbia na watoto, akarudi akakuta shamba lake limelimwa na mwingine na karatasi zake zimeungua. Kwa huyo picha ya zamani, inayoonyesha ua, njia na mstari wa miti, ni shahidi asiyeweza kutishwa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 imeifanya ardhi yote kuwa ya dola, na haki za kimila zikaachwa zikining'inia hadi leo; kwa sababu hiyohiyo mwenye haki ya kimila ana haja ya ushahidi kuliko mwenye hati ya serikali.

Watu wa kuifanya kazi wapo. Kituo cha Lwiro kiko jirani, kikiwa na historia ya utafiti tangu mwaka 1947; Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu kinafundisha jiolojia, na Taasisi ya Juu ya Ualimu inafundisha jiografia, na kila mwaka wanafunzi wao hutafuta mada za kuandikia. Basi naliomba Jumba la Tervuren, pamoja na Taasisi ya Kijiografia ya Kongo iliyoko Kinshasa, watoe orodha kamili ya picha zinazogusa Kalehe, hata kabla ya picha zenyewe kuwa tayari. Nawaomba walimu wa Bukavu wawagawie wanafunzi grupoma hizo moja moja, Kalima, Kalonge, Mbinga ya Kaskazini, Mbinga ya Kusini, Mubuku, Ziralo na Buzi, pamoja na Buloho yote, wakakae na makarani na wazee wayaandike majina. Na faharasa ikiisha, ichapwe katika karatasi, kwa maana umeme na intaneti hatuna uhakika navyo, nakala moja iwekwe kwa kila chifu na nyingine katika kila parokia, kanisa na msikiti utakaokubali kuipokea. Ianzwe na Mbinga ya Kaskazini, kabla ya msimu mwingine wa mvua.