Nzi anayeng'aa na jina lililobaki nje

Ndizi ikiiva mno jikoni, nzi wadogo huja bila kuitwa, na wengi huwapungia mkono tu ili wawafukuze. Katika Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, nzi hao hao walifungua njia inayotumika leo katika maabara nyingi duniani.

Mwaka 1994, Tulle Hazelrigg na mwenzake Shengxian Wang walichukua jeni ya yavuyavu wa baharini, ile inayotengeneza protini ya mwanga wa kijani, wakaiunganisha na jeni ya nzi iitwayo exuperantia. Ni kusema, protini ya nzi ilizaliwa ikiwa tayari imebeba taa yake. Ilipomulikwa kwa mwanga wa buluu iling'aa ndani ya mayai yaliyokuwa bado yanakua, na watafiti wakaona inakokwenda kusaidia kupanga kichwa cha nzi kitatokea upande gani. Kabla ya hapo ilibidi kuua chembe na kuzipaka rangi: mtu aliangalia picha ya mfu, akakisia mwendo wa aliye hai.

Hazelrigg ni mke wa Martin Chalfie, ambaye mwaka huo huo alionyesha protini hiyo iking'aa ndani ya bakteria na minyoo. Chalfie alipotaka kutaja matokeo ya mkewe kabla hayajachapishwa, alipewa masharti kwa barua: kahawa Jumamosi asubuhi, chakula maalum cha Kifaransa, na kutupa takataka kila usiku kwa mwezi mmoja. Bei nafuu.

Mwaka 2008, tuzo ya Nobel ya kemia ilipewa Chalfie, Osamu Shimomura na Roger Tsien. Walistahili. Lakini tuzo hiyo haigawiwi zaidi ya watu watatu, na Douglas Prasher akabaki nje. Yeye ndiye aliyeinasa jeni yenyewe na kuichapisha mwaka 1992. Kisha, feza za utafiti zilipokwisha, akaituma kwa Chalfie na Tsien bila kudai kitu. Siku ya tangazo alikuwa dereva wa gari la wateja wa duka la magari huko Huntsville, Alabama.

Kosa kubwa si la kamati ya Stockholm. Ni la wanaogawa feza za utafiti, ambao huuliza kwanza yavuyavu ana faida gani. Chalfie na Tsien walimlipia Prasher safari ya sherehe, na baadaye Tsien akampa kazi katika maabara yake. Wenye feza hawakumtafuta.