Chomoa Waya Kwanza

Kazi yangu ni kukagua programu za simu kabla hazijafika kwa wateja, hapa Dar es Salaam. Vijana wanaotengeneza programu za kutumiana ujumbe wana tabia moja inayonisumbua: simu ya majaribio haitoki kwenye waya. Imechomekwa kwenye kompyuta tangu asubuhi, kioo kinawaka, programu iko wazi. Kijana anatuma ujumbe kutoka simu ya pili, hii ya kwenye waya inalia papo hapo, naye anasema kazi imekwisha.

Haijaisha. Tangu Android 6.0 ilipotoka mwaka 2015, simu isiyo kwenye chaji, iliyozimwa kioo na kutulia mahali pamoja kwa muda, huingia katika hali iitwayo Doze. Humo programu hukatiwa intaneti na shughuli zake huahirishwa. Mara moja moja hupewa upenyo mfupi, na kadiri simu inavyozidi kutulia ndivyo upenyo huo unavyochelewa kurudi. Lakini simu iliyo kwenye chaji haiingii katika hali hiyo. Ndiyo kusema ule waya wa kompyuta unamficha fundi jambo ambalo mteja atalikuta usiku wa kwanza tu.

Kwa hiyo mimi nachomoa waya, nazima kioo, naiacha simu mezani na tunakwenda kula. Tukirudi, natuma ujumbe kabla mtu hajaigusa. Mara nyingi kimya. Ukibonyeza kioo, arifa zinamiminika zote kwa mkupuo. Na simu ninayopimia ni ya bei ya chini, ya kununuliwa Kariakoo, kwa kuwa ndizo zilizo mikononi mwa watu, na baadhi yake zimewekewa mbinu za kubana betri zilizo kali kuliko za Android yenyewe.

Programu moja niliyoletewa ilikuwa ya wauguzi wa zamu kumwita daktari. Ilikuwa nzuri, rangi zimepangika, herufi zinasomeka. Ila daktari akilala na simu yake kando ya kitanda, wito wa saa nane usiku angeuona alfajiri anapoamka kutazama saa. Katika wodi ya wazazi, muda huo ni uhai wa mtu.

Wapo wanaojaribu kuilazimisha programu ikeshe nyuma ya pazia. Android 8.0 ya mwaka 2017 iliibana sana njia hiyo, na ilifanya vyema, maana betri zilikuwa zikimalizwa na programu ambazo mwenye simu hata hazifungui. Njia ya kufuata ni ya huduma ya Google iitwayo Firebase Cloud Messaging, na kwa iPhone ni ile ya Apple iliyoanza mwaka 2009. Simu hushika muunganisho mmoja kwa niaba ya programu zote. Kwa upande wa Android, seva yako ikiutia ujumbe alama ya kipaumbele cha juu, simu huamshwa. Ukibaki na alama ya kawaida, unaweza kusubiri mpaka simu iguswe.

Hapo ndipo ninapogombana na watu wa masoko. Wanataka tangazo la punguzo la bei nalo liamshe simu. Ninapinga, na nitaendelea kupinga. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu mpya lazima imwombe mtu ruhusa kabla ya kumtumia arifa. Aliyekerwa na matangazo ya usiku huifuta ruhusa hiyo, na wito wa muuguzi unazimwa pamoja na tangazo. Ujumbe wa mtu kwa mtu upewe mkondo wake, tangazo nalo mkondo wake, ili mwenye simu aweze kuufunga mmoja na kuuacha mwingine.

Wewe unayelipia programu ya namna hii kwa ajili ya zahanati, shule au chama chako, siku ya kukabidhiwa chukua simu yako mwenyewe, iache mezani saa nzima bila chaji, kisha mwambie fundi atume ujumbe. Isipolia, usilipe awamu ya mwisho.