Onyo la mafuriko Kinkondja lisingoje mtandao

Mto Lualaba ukipanda Bukama, maji huchukua muda kabla ya kufika Kinkondja, kwenye ziwa Kisale. Muda huo ungetosha kuokoa watoto, nyavu na samaki waliokaushwa. Unapotea bure pale habari inaposubiri simu ya ndugu au boti inayoshuka.

Wataalamu wa programu wana njia: vyombo vya kupima maji viwekwe sehemu nyingi za mto, kila kimoja na kompyuta yake ndogo, vipashane habari hadi king'ora kilie. Setilaiti pia zinasaidia. SWOT, iliyorushwa Desemba 2022 na Marekani pamoja na Ufaransa, inapima kimo cha mito na maziwa kutoka angani. Lakini haipiti juu ya Kisale kila siku, kwa hiyo si mlinzi wa usiku.

Tatizo kubwa ni nani anaamua. Wabunifu wengi hupenda kupeleka namba zote kwenye kompyuta moja, Lubumbashi au Ulaya, nayo itoe amri. Kwenye mji wenye umeme, sawa. Huku, mvua inayoleta mafuriko ndiyo hiyo hiyo inayokata mtandao na kuzinyima paneli jua. Mfumo utanyamaza saa ile unapohitajika.

Programu inayofaa huachia kila kituo uamuzi wake. Habari ya Bukama ishuke kwa redio, kituo hadi kituo. Ikikatika, king'ora cha Kinkondja kifuate maji kinayoyaona palepale. Kila namba ibebe saa yake, ili ya jana isipokelewe kama ya leo. Na kituo kilichonyamaza kisihesabiwe kuwa salama.

Tena, wavuvi waulizwe kwanza. Baadhi yao wanaishi kwenye visiwa vya mafunjo vinavyoelea ziwani. Mhandisi akifunga chombo chake huko, kisiwa kitapanda pamoja na maji, na chombo kitasema hakuna kilichobadilika. Mvuvi yeyote angemcheka.

Kinkondja inajua kipindupindu tangu miaka mingi. Maji yakifika vyooni kabla ya klorini kufika kwa wauguzi, hesabu haiishii kwenye nyumba zilizobomoka.

Basi serikali ya mkoa wa Haut-Lomami, kabla ya kusaini mkataba wowote wa vifaa hivi, iombe jaribio moja la bei nafuu: mtandao uzimwe siku nzima, kisha chombo cha kupimia kitumbukizwe ndani ya pipa la maji. King'ora kisipolia, pesa zisitoke.