Fasihi Simulizi ya Tala na Unafiki wa Idara

Tangu Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngugi wa Thiong'o walipodai, mwaka 1968, kwamba fasihi ya Kiafrika, simulizi ikiwemo, iwe kitovu cha masomo chuoni Nairobi, imekuwa desturi kudhani kuwa hoja hiyo ilikwisha kushinda. Haikushinda. Mtafiti huenda Tala, Machakos, akaketi na kikongwe mjuzi wa ngewa na mbathi, akamrekodi kwa Kikamba, kisha akaandika tasnifu yenye tafsiri ya Kiingereza pekee. Tala hakirudi hata kijitabu.

Wapo wanaojitetea kwamba Kikamba hakina wasomaji. Utetezi huu ni dhaifu. Gerhard Lindblom, Mswidi, alipoanza kuchapisha ngano za Wakamba mwaka 1928, aliweka matini ya Kikamba pamoja na tafsiri. John Mbiti naye alichapisha Mutunga na Ngewa Yake kwa Kikamba mwaka 1954, miaka 12 kabla ya Akamba Stories. Mhakiki wa leo, mwenye kinasasauti mfukoni, ana udhuru gani?

Idara za Kiswahili nazo zisijitakase. Huulaumu ukoloni wa Kiingereza, huku zikiichukua methali ya Kikamba, kuivika Kiswahili sanifu na kuitupa sauti yake. (Takriri na tanakali hazifasiriki kwa urahisi, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa hivyo.) Kongamano lijalo na lifanyike Tala, matini zisomwe kwa lugha yake, na wenyeji wawasahihishe maprofesa hadharani.